Geji 28, geji 30 na milimita 0.4: kisa cha paa la wodi lililoezekwa mara mbili

Kisa hiki kinahusu jengo dogo lililojengwa mwambao wa Tanzania, na maneno machache ya kwenye hati yaliyolifanya paa lake liezekwe, livuliwe, kisha liezekwe tena. Jina la mteja, mahali na majina ya wahusika yameondolewa, na baadhi ya tarakimu za mradi zimebadilishwa kidogo ili jengo lisitambulike. Maneno ya hati za mkataba yanatolewa jinsi yalivyosomeka, kwa sababu humo ndimo tatizo lilimoanzia.

Mradi na watu wake

Jengo ni wodi ya wazazi yenye vitanda 24, mita 12 kwa 30, halina ghorofa. Liko kama mita 500 kutoka ufukweni, upande unaopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja. Misingi ya nguzo, nguzo na lenta ni za zege lenye nondo, kuta ni za bloku za inchi 6, kenchi ni za mbao, na paa ni la bati la rangi, jumla ya mita za mraba 430 hivi ukihesabu na vipenu.

Mteja alikuwa taasisi ya hiari yenye fedha za mfadhili zilizotakiwa kutumika ndani ya mwaka mmoja. Msanifu majengo alichora na kuandika maelezo ya kiufundi. Mhandisi wa miundo alilipwa kwa safari, si kwa mwezi, kwa hiyo alifika saiti mara chache. Mkadiriaji majenzi aliandaa BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei zake. Msimamizi wa mteja, fundi sanifu mwenye bidii, alikuwa saiti kila siku. Mkandarasi alikuwa mdogo, mwenye sifa njema ya kumaliza kazi.

Maelezo ya kiufundi yalinakiliwa kutoka mradi wa zahanati iliyojengwa bara, kwenye nyanda kavu. Kunakili si kosa, karibu kila ofisi huanza na hati iliyopo. Ila hii haikusafishwa. Ilibeba ukurasa mzima wa namna ya kushughulikia udongo mfinyanzi unaovimba, ambao haupo pale kwenye mchanga wa pwani, na haikuwa na neno hata moja kuhusu chumvi.

Hati zilisema nini

Kuhusu paa, hati tatu zilisema mambo matatu. (Geji ni namba inayotumika kutaja unene wa bati, aluzinki ni mchanganyiko wa aluminiamu na zinki unaopakwa juu ya chuma, na papi ni mbao zinazobeba bati.)

Maelezo ya kiufundi: "Bati la rangi geji 28, la ubora wa hali ya juu, au linalolingana nalo."

Mchoro wa paa: "Bati la aluzinki, mm 0.4, papi kila m 1.2."

BOQ: "Kuezeka kwa bati la rangi geji 30, pamoja na misumari na kila kinachohitajika. Mita za mraba 430."

Kuhusu zege kulikuwa na sentensi moja iliyobeba masharti mawili: "Zege la nguzo, misingi na lenta liwe imara, uwiano 1:2:4, daraja la 25." Uwiano huo ni wa saruji, mchanga na kokoto, na daraja ni nguvu ya zege siku ya 28, kwa nyutoni kwa milimita ya mraba. Mchanga uliandikwa "mchanga safi". Umbali kati ya nondo na uso wa zege uliandikwa "wa kutosha".

Kifungu kimoja tu kilikuwa kimeandikwa vizuri, nacho ni cha majaribio ya zege. Kilisema kwamba kila siku ya kumwaga zege la nondo zichukuliwe kyubu sita, yaani vipande vya zege vya mchemraba, za milimita 150. Tatu zivunjwe siku ya 7 na tatu siku ya 28, katika maabara isiyo ya mkandarasi, kwa gharama ya mkandarasi, na majibu yamfikie mhandisi kabla ya kazi inayofuata kukaa juu ya zege hilo. Inaelekea aliyekiandika kwenye hati ile ya awali alikuwa mhandisi aliyewahi kuponzwa na zege. Kifungu hiki kitarudi mbele.

Zege, wiki ya 4 hadi ya 9

Misingi ya nguzo ilimwagwa wiki ya 4. Mkandarasi alifuata 1:2:4 akitumia saruji ya daraja la nguvu la 32.5 na kupima kwa karai. Mchanga aliuchukua kwenye mkondo wa maji karibu na ufuo. Ulikuwa mweupe, hauna matope, unapita vidoleni vizuri, na kwa macho ya mtu yeyote ulikuwa "safi". Maji yaliongezwa mpaka fundi wa mikisa aliporidhika.

Siku ya 7 kyubu zilitoa wastani wa nyutoni 12.4 kwa milimita ya mraba. Zege linalotarajiwa kufika 25 siku ya 28 huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu hiyo siku ya 7, yaani 16 hadi 17. Mhandisi alisimamisha nguzo siku hiyohiyo. Majibu ya siku ya 28 yalikuwa 18.1.

Mkandarasi alijibu kwa barua fupi: alitakiwa kuchanganya 1:2:4, amechanganya 1:2:4. Na alikuwa sahihi. Uwiano huo, kwa saruji ya kawaida na upimaji wa saiti, hutoa kati ya 15 na 20 mara nyingi zaidi kuliko 25. Hati ilimpa njia na matokeo kwa pamoja, na njia haikufika kwenye matokeo.

Mhandisi alirudia hesabu ya misingi kwa nguvu ya 15. Jengo ni jepesi, mzigo ulipita, misingi ikabaki. Mchanga ulipelekwa maabara kupimwa kloridi, ile sehemu ya chumvi inayoozesha nondo. Kiasi kilichopatikana, kikigeuzwa kuwa sehemu ya uzito wa saruji, kilikaribia asilimia 0.33. Kikomo kinachotumiwa sana katika viwango vya Ulaya kwa zege lenye nondo ni asilimia 0.4. Kwa hiyo hakikuvukwa, lakini kwa jengo litakalokula chumvi ya hewani miaka yote ya uhai wake, sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilikuwa tayari imeliwa siku ya kwanza. Kuanzia nguzo kwenda juu, mchanga wa mkondo ulipigwa marufuku ukaletwa wa mto.

Kifungu cha zege kiliandikwa upya kwenye ukurasa mmoja. Kwa kuwa maabara ilikuwa mbali na kazi ilikuwa ndogo, mhandisi alichagua kutoa uwiano na kuubeba yeye mwenyewe, akaacha kyubu ziwe za kuthibitisha:

Saruji iwe ya 42.5, mfuko mzima wa kilo 50 kwa kila mchanganyiko, usigawanywe. Mchanga na kokoto vipimwe kwa boksi la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 35 kwa 40 kwa kimo cha 25, yaani lita 35, ambazo ndizo ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Mchanga boksi moja na nusu, nusu ikionyeshwa kwa mstari ndani ya boksi. Kokoto boksi tatu, ukubwa usizidi milimita 20. Maji yote yasizidi lita 25 kwa mfuko, pamoja na yale yaliyo tayari ndani ya mchanga. Slampu, yaani kiasi zege bichi linavyoshuka likivuliwa kopo la kupimia, milimita 50 hadi 100. Biskuti za zege, za kutenga nondo na uso wa zege, za milimita 40 nje na 30 ndani, zifungwe kwa waya kwenye ringi kila mita moja. Zege lifunikwe kwa magunia na limwagiwe maji siku 7 mfululizo.

Sharti la maji ndilo lililobishaniwa zaidi. Mchanga ulioloa kwa asilimia 5, ambao mkononi unaonekana mkavu tu, hubeba kama lita 4 za maji katika boksi moja na nusu. Fundi akiongeza lita 25 kamili kutoka kwenye ndoo, zege linapata 29, na ile nguvu inayotafutwa inaondoka na zile nne. Msimamizi alianza kukausha kilo moja ya mchanga kwenye sufuria kila asubuhi, anapima kabla na baada, kisha anaandika kwenye ubao wa mikisa ni lita ngapi za kuongeza siku hiyo. Kwa uwiano huu mita moja ya ujazo hula karibu mifuko 8, wakati 1:2:4 hula 6 na nusu hivi. Tofauti ililipwa na mteja kama badiliko la kazi. Kyubu za lenta zilitoa 27 siku ya 28.

Bati, wiki ya 14 hadi ya 25

Wiki ya 14 mkandarasi aliandika kwenye kundi la WhatsApp la mradi: "Bati ni geji 28 au 30?" Dakika chache baadaye msimamizi akajibu: "Fuata BOQ." Hakuna mwingine aliyesema neno. Msanifu alikuwemo kundini.

Wiki ya 16 lori lilifika. Shehena ilikaguliwa kwa rangi, urefu na idadi, ikapokelewa. Wiki ya 17 upande mmoja wa paa ulikuwa umekwisha, mhandisi alipokuja kukagua jinsi kenchi zilivyofungwa kwenye lenta. Alipanda ngazi, akaona migongo ya bati imebonyea katikati ya papi na papi, kila mahali fundi alipokanyaga. Bati la unene unaofaa papi za mita 1.2 halibonyei hivyo mtu akikanyaga kwa uangalifu.

Alichukua kipande cha mabaki kilichokatwa kwenye pembe ya paa. Maikromita, kifaa cha kupimia unene, ilisoma milimita 0.34. Rangi ikaondolewa kwa dawa pande zote mbili, ikasoma 0.31. Kipimo hicho kililingana na bati la geji 30 kwa jedwali la Kiingereza la nyaya, ambalo ni milimita 0.315.

Kikao cha dharura kilifanyika chini ya mwembe wa saiti, kila mtu na karatasi zake. Msanifu alisema hakubali bati hilo kwa kuwa maelezo yake yanasema 28. Mkandarasi alifungua BOQ, akafungua na simu. Mkadiriaji akaulizwa kwa nini aliandika 30 wakati mchoro unasema 0.4, naye akajibu kwamba 30 *ni* 0.4. Akatoa jedwali lake. Ndipo ikajulikana kilichotokea, nacho kinastahili kuangaliwa kwa karibu.

Geji si kipimo. Ni namba ya mstari katika jedwali, na majedwali ni mengi. Haya ndiyo yaliyokuwa mezani, kwa milimita:

Jedwali la Kiingereza la nyaya: geji 28 ni 0.376, geji 30 ni 0.315.

Jedwali la Birmingham la mabati: geji 28 ni 0.397, geji 30 ni 0.312.

Jedwali la Marekani la mabati yenye zinki: geji 28 ni 0.475, geji 30 ni 0.399.

Aliyeandika maelezo ya kiufundi ya awali alitumia jedwali la Birmingham, akitaka 0.4, akaandika 28. Mkadiriaji alisoma 0.4 kwenye mchoro, akaigeuza kwa jedwali la Marekani alilozoea, akaandika 30. Mchoro ukabaki na 0.4. Watu watatu walitaka bati lilelile, na wote watatu waliandika kwa nia njema. Mkandarasi naye akaenda dukani, ambako geji 30 ilikuwa 0.315, akapewa alichoomba. Bati lake lilikuwa na unene pungufu kwa karibu asilimia 21 kuliko lililokusudiwa.

Maamuzi na sababu zake

Njia tatu zilijadiliwa.

Ya kwanza ilikuwa kuacha bati lililopo na kuongeza papi katikati, zikae kila sentimita 60. Ni njia ya bei nafuu na ingemaliza kubonyea. Ilikataliwa kwa sababu ya bahari. Cheti cha shehena kilionyesha AZ70, yaani gramu 70 za aluminiamu na zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Ukipiga hesabu ni mikroni 19 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa pande mbili, chini ya mikroni 10 kila upande. Papi hazizuii kutu. Wodi ya wazazi ingeanza kuvuja wakati jengo lenyewe bado jipya.

Ya pili ilikuwa kumlazimisha mkandarasi abadilishe kwa gharama yake. Mshauri wa sheria wa mteja alishauri wasithubutu. Hati zikigongana, kanuni ya kawaida ya mikataba ni kwamba utata hufasiriwa dhidi ya aliyeziandika, na aliyeziandika ni upande wa mteja. Mkandarasi zaidi ya hapo aliuliza, akajibiwa, akafuata jibu.

Ya tatu ndiyo iliyochukuliwa. Bati lote livuliwe. Mteja anunue bati jipya. Mkandarasi abebe ufundi wa kuvua na kuezeka tena, kwa sababu alikuwa na wajibu wa kutoa taarifa rasmi ya mgongano wa hati kwa msanifu, na swali kwenye kundi la WhatsApp halikuwa taarifa hiyo. Bati la zamani libaki kwa mteja, litumike kwenye kibanda cha mlinzi, jiko la nje na maegesho. Mkandarasi hakufurahia, lakini alisaini, na kusema kweli mgawanyo huu ulikuwa wa haki kuliko ule ambao mahakama ingeufikia baada ya miaka.

Matokeo

Bati jipya lilichukua wiki 4 kutoka kiwandani. Masika ilianza upande mmoja wa paa ukiwa wazi na mwingine umefunikwa kwa maturubai. Lipu ya vyumba vitatu ililoa, ikatoka chumvi nyeupe ukutani, ikabidi ikwanguliwe na kupigwa upya. Fedha ya dharura, asilimia 5 ya mkataba, iliisha yote kwenye paa. Jengo lilikabidhiwa wiki 7 baada ya tarehe. Milango na rangi zilibanwa kufidia, na milango ya vyoo ikawekwa ya mbao nyepesi ambayo haifai mahali panapooshwa kwa maji kila siku. Hasara hii haikuandikwa kwenye hesabu ya paa, lakini ni ya paa.

Kifungu kipya cha bati

Hiki ndicho kilichotumika kuagiza shehena ya pili:

"Bati la chuma lenye aluzinki na rangi. Unene wa chuma tupu, bila aluzinki wala rangi: mm 0.40. Aluzinki: AZ150. Rangi: mikroni 20 juu, mikroni 10 chini. Neno geji lisitumike kwenye oda, ankara wala hati ya kupokelea. Kabla ya kuagiza, mkandarasi alete kipande cha sentimita 30 kwa 30 na cheti cha kiwanda. Msanifu asaini nyuma ya kipande, nacho kitundikwe ofisi ya saiti. Lori likifika, msimamizi apime bati 5 kutoka vifurushi tofauti, sehemu 3 kila bati, si karibu na ukingo kwa chini ya sentimita 5. Kipimo pamoja na rangi kisiwe chini ya mm 0.46. Kimoja kikipungua, lori lisishushe mpaka msanifu ajibu kwa maandishi. Bati likatwe kwa mkasi, si kwa grainda. Lifungwe kwa skrubu zenye oshara ya mpira. Lisigusane na lipu mbichi, zege bichi wala risasi."

Mambo mawili humu yanahitaji maelezo. Namba 0.46 haikuokotwa. Chuma ni 0.40, AZ150 huongeza mikroni 40 hivi, rangi 30, jumla 0.47, ikaachwa sehemu moja ya mia ya milimita kwa makosa ya kusoma. Bila hesabu hiyo msimamizi anashika maikromita lakini hajui afananishe na nini. Hata "mm 0.4" ya mchoro, iliyokuwa bora kuliko hati nyingine zote, haikusema kama ni chuma tupu au na vilivyopakwa juu yake. Kwenye bati jembamba hivi, tofauti ya 0.07 ni kubwa.

La pili ni grainda. Cheche zake ni chembe za chuma cha moto zinazong'ang'ania kwenye rangi. Baada ya mvua moja zinakuwa madoa ya kutu, na watu hudhani bati lote limeanza kuoza. Na joto lake huunguza aluzinki kwenye ukingo, pale pale inapohitajika zaidi.

Uchambuzi

Kilichookoa zege ndicho kilichokosekana kwenye bati. Sentensi ya zege ilikuwa mbovu kama ya bati. Lakini nyuma yake palikuwa na kifungu cha majaribio kinachosema nani anapima, lini, kwa kipimo gani, kwa gharama ya nani, na kazi ipi inasimama hadi jibu lije. Kosa likaonekana siku ya 7, likiwa bado ardhini na nguzo hazijaanza. Kosa la bati lilionekana kwa bahati, kwa kuwa mhandisi alipanda ngazi kwa shughuli nyingine. Angefika wiki moja baadaye angekuta paa zima limekwisha na kofia zimefungwa.

Maneno kama "imara", "safi", "ya kutosha" na "ubora wa hali ya juu" hayakumdanganya mtu, hayakumwambia kitu. Mchanga wa mkondo ulikuwa safi. Kama hati ingesema mchanga usitoke ndani ya eneo linalofikiwa na maji ya bahari, na ukitikiswa kwenye chupa yenye maji ya chumvi kidogo na kuachwa saa 3, tabaka la tope lisizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, msimamizi angekuwa na kazi ya kufanya kila lori likija. Na aangalie vizuri: kipimo cha chupa kinashika tope peke yake, chumvi hakiioni. Mchanga ule ungepita chupa bila shida. Ndiyo maana sharti la mahali unapotoka ni la lazima.

Kuhusu uwiano na daraja la zege, mwandishi anapaswa kuchagua kimoja. Akitoa uwiano, yeye ndiye anayeubeba, na mkandarasi anabeba uaminifu wa kupima. Akitoa daraja, mkandarasi ndiye anayebeba, naye apewe uhuru wa kuchagua uwiano pamoja na wajibu wa kuthibitisha kwa mchanganyiko wa majaribio kabla ya kuanza. Ukiandika vyote viwili, umempa mkandarasi ulinzi dhidi ya kila kimoja. Katika mradi huu kuchagua uwiano kulifaa kwa sababu kulikuwa na msimamizi wa kukaa pale kwenye mikisa. Pasipo mtu huyo, lile boksi la mbao lingeishia kuwa kiti.

Baada ya kikao wengi walilaumu kwamba mkataba haukutaja hati ipi inatangulia nyingine. Ni kweli haukutaja, na ni upungufu mkubwa. Mikataba ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kwa mfano, huweka maelezo ya kiufundi mbele ya michoro, na BOQ ikiwa miongoni mwa majedwali ya mwisho. Lakini hapa mpangilio huo usingeokoa paa. Ungeipa ushindi "geji 28", na mkandarasi angenunua bati la 0.376, bado pungufu, bado AZ70, na safari hii akiwa na haki yote. Dawa ya kweli ilikuwa kuandika unene mara moja tu, kwenye hati moja. Mchoro ungesema "bati, angalia kifungu cha paa", na BOQ ingesema "kuezeka kwa bati kama kifungu cha paa, mita za mraba 430". Kila tarakimu inayorudiwa mahali pa pili inangoja siku ya kubadilishwa mahali pamoja, ikasahaulika pengine.

"Au linalolingana nalo" ni maneno yanayotetewa sana, na yana sababu njema ya kuzuia zabuni isifungwe kwa kiwanda kimoja. Tatizo ni kuyaacha yakining'inia. Linalolingana kwa lipi, rangi, unene, au gramu za aluzinki? Nani anaamua, na kabla ya siku gani? Kifungu kipya hakikuyahitaji tena, kwa sababu hakitaji kiwanda chochote. Kiwanda chochote kinachofikia 0.40 na AZ150 kinakubalika.

Jibu la "Fuata BOQ" limemwangukia msimamizi isivyo haki. Aliulizwa mchana, kazi inasubiri, akajibu kwa alichokuwa nacho mkononi. Hati haikumwambia kwamba hana mamlaka ya kujibu maswali ya aina hiyo. Baada ya kikao karatasi moja ilibandikwa ukutani: swali lolote linalotaja unene, uwiano, ukubwa au aina ya kitu liandikwe kwenye fomu yenye namba, lijibiwe na msanifu au mhandisi ndani ya siku 3 za kazi, na kundi la WhatsApp litumike kusema tu kwamba fomu imetumwa. Fomu 11 zilijazwa hadi mwisho wa mradi. Nne kati ya hizo zilifichua migongano mingine kati ya mchoro na BOQ, mmojawapo ukiwa upana wa mlango wa chumba cha kujifungulia: sentimita 90 kwenye BOQ, 120 kwenye mchoro, na kitanda cha magurudumu kingepita kwenye mmoja tu.

Kilichobaki

Kipande cha bati chenye saini kimehamishwa kutoka ofisi ya saiti kwenda stoo ya kituo, pamoja na maikromita. Bati mbili za upande wa bahari zimewekewa alama ya rangi karibu na gata, zikaguliwe kila mwaka baada ya masika kwenye ukingo uliokatwa na kuzunguka skrubu, kwa kuwa hapo ndipo kutu huanza. Ukurasa wa udongo unaovimba umeondolewa kwenye hati ya ofisi ya msanifu. Kifungu cha milango ya vyoo bado kinasema "mbao ngumu yenye ubora", na kinangoja kuandikwa upya.